Taa ya Presha Haizimi

Jumatano, 5 Machi

Chai, gari, taa. Ile ya manjano ya presha, kama kisufuria chenye alama ya mshangao ndani. Asubuhi ya tatu sasa. Nimepima tairi zote nne kabla ya kwenda kazini Chepkoilel. Ziko sawa. Nimeongeza upepo hivyo hivyo. Inapepesa kama dakika moja, halafu inatulia na kubaki imewaka. Kazini wote wananiambia ni baridi ya Eldoret, upepo hushuka asubuhi. Kwani baridi ya Eldoret ilianza Jumatatu?

Alhamisi ya wiki ijayo nampeleka mama mkwe kliniki ya moyo Kisumu. Daktari wa hapa, mwenyewe amemkataa katakata. Ile miteremko ya baada ya Kapsabet siendi nayo hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa hapa mtaani West Indies ameangalia dakika mbili. Ati magari ya kutoka Uingereza yana maneno mengi, ang'oe tu waya wa taa. Mimi ni mtu wa maabara. Kipimo kikitoa jibu usilolipenda, hutupi kipimo.

Nimempigia shemeji Fred, maana gari lake na hili ni pacha. Yeye na marehemu mume wangu George waliyaagiza pamoja, rangi moja, rimu aina moja. Amecheka. "Shemeji, hiyo taa ni ya kutisha wanawake. Wewe endesha tu." Mpaka saa hii nimekasirika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesoma kitabu cha gari chote, hata sehemu ya kiti cha mtoto. Taa ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua. Ikipepesa kwanza, gari halisikii sensa, vile vipimo vya upepo vilivyo ndani ya magurudumu. Sasa sensa nne zife siku moja? Haiwezekani.

Nikajiuliza ni nini kilibadilika. Kitu kimoja tu. Wiki iliyopita Fred aliniomba gari siku nne, kubeba wazee kwenye mazishi huko kwao. Gari la msiba halinyimwi, hata kama moyo unakataa. Akalirudisha Jumapili limeoshwa, tangi limejaa. Nikamshukuru. Nikampa na trei ya mayai.

Sitaki kufikiria ninachofikiria.

Jumamosi, 8 Machi

Abdi, muuza tairi pale mjini, ana mashine ya kusoma sensa. Amezunguka gurudumu moja moja, polepole, bila kuniuliza mume wangu yuko wapi. Sensa zote ni nzima. Zinaongea vizuri. Ila namba zake sizo zile gari linazozijua.

"Mama, magurudumu haya ni ya gari lingine."

Akapiga jeki akanionyesha upande wa ndani, ule ambao mtu haoni akisimama. Nje tairi zina meno. Ndani, zile mbili za mbele zimelika mpaka nyuzi za chuma zinaonekana. Nimezigusa kwa kidole. Zinachoma.

Na Fred alijua safari ya Kisumu. Tarehe ya kliniki anaijua kuliko mimi. Angeniacha nimpakie mama yake mzazi humo, tuteremke naye. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikipa mayai.

Nimemwambia Mama mkwe yote jioni akichambua mboga. Aliendelea kuchambua hata majani yaliyokuwa safi.

Jumapili, 9 Machi

Fred alikuja baada ya kanisa, kama kawaida yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

Mama alimwacha ale, anawe mikono. Kisha akamwambia Alhamisi yeye ndiye atampeleka Kisumu, kwa gari la Mama Achieng, yaani hili langu. Fred akasema ana kazi. Mama akasema basi kliniki itangoja siku asiyo na kazi. Fred akasema waende na lake. Mama akasema hapana, hili hili.

Fred aliinuka. Akatoka nje akavua koti.

Magurudumu manane, jeki mbili, shati la kanisa. Mama aliomba kiti chake kipelekwe uwanjani akakaa kumtazama mpaka nati ya mwisho. Kwenye dashibodi ya gari la Fred niliona kipande cha utepe mweusi wa gundi, kimefunika taa ileile. Alipomaliza alisema alikuwa ameyaazima tu. Kwamba hata hivyo gari ni la ndugu yake. Pole sikuisikia. Namchukia, na sitajifanya vingine ndani ya daftari langu mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeendesha mimi. Taa haikuwaka. Miteremko tumeshuka vizuri.

Kliniki wana karani mpya anayehakiki mafaili. Akasoma mtu wa karibu wa kuitwa kukitokea jambo: Fred. Mama akamwambia afute. Akanigeukia akaniuliza jina langu. Miaka kumi na minne ananiita Mama Achieng, hakuwahi kulihitaji. Nikamwambia Roselyne. Akalirudia kwa karani, polepole, akangoja aone limeandikwa.

Tukaanza kurudi. Tulipofika Chavakali alijifuta macho kwa leso, akasema ni vumbi. Nikafunga dirisha.