Kinga ya Mashine Namba Mbili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Kikohozi chako kimeisha? Na shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Wapwa zangu wabusu wote. Mimi mzima wa afya, nimenenepa hata suruali zinagoma kufunga.

Nina habari njema. Hapa kiwandani kwetu, tunakokamua mafuta ya alizeti, juzi tumetimiza miezi tisa bila mtu kuumia. Unakumbuka barua zangu za mwaka jana: mmoja kaungua mafuta ya moto, mwingine kateleza akavunjika mguu, kisha Kipaza akakatwa vidole viwili na gia za mashine namba mbili. Kipaza ni yule mama anayelisha mbegu, tuliyempa jina hilo kwa sababu sauti yake inashinda mashine zote.

Baada ya ajali yake tuligoma kuwasha chochote mpaka kila mashine ifungwe kinga mpya ya chuma ya kufunika gia, imara kuliko ya zamani. Siku tatu meneja alifoka, ya nne akakubali. Kipaza alipopona tukamchagua awe msimamizi wa usalama. Dada, ungemwona na filimbi yake shingoni! Hata meneja alipoingia na tai inaning'inia, alipulizwa filimbi mbele yetu sote, akaambiwa aivue au arudi nje. Aliivua. Tangu hapo aliyeumia ni mimi tu, nilipojigonga kichwa kwenye mlango wa choo, na Kipaza akakataa kuliandika tukio hilo kwenye daftari la ajali, akisema huo ni uzembe wa macho, si ajali.

Basi juzi tukasherehekea kwa soda na keki. Watu waliimba, meneja akacheza vibaya kuliko wote. Kipaza alipofikia kuwashukuru mafundi wa mashine, mimi mmoja wao, akaniita mbele. Nikaweka soda chini, nikaenda.

Nilikuandikia kwamba siku ya ajali ya Kipaza kinga ya zamani ya ile mashine namba mbili ilianguka yenyewe. Nilikudanganya, dada. Niliifungua mimi. Mbegu zilikuwa zinakwama kila mara, nikachoka kufungua na kufunga, nikaiweka pembeni. Saa moja baadaye nikasikia ukelele wake. Nisamehe.

Nikayasema hayo pale pale, mbele ya wote. Kipaza akanitazama, akasema, "Nilijua. Nilikuona na spana asubuhi ile. Nimengoja miezi yote hii ufungue mdomo." Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akajibu kwamba ningefukuzwa, angeletwa fundi mwingine asiye na cha kujutia, na yeye anataka fundi anayeogopa. Akanivuta shingo kwa ule mkono wa vidole vitatu. Nililia kama mtoto, dada, naye akacheka mpaka ukumbi mzima ukacheka. Adhabu yangu, na meneja ameikubali, ni kuwa msaidizi wake wa usalama.

Jana nilisimamisha mashine kwa ajili ya skrubu moja iliyolegea. Wenzangu walilalamika weee, mmoja akaniita bibi kizee. Niliikaza taratibu, nikaijaribu mara mbili, wao wakinung'unika nyuma yangu, kila mmoja na vidole vyake vyote. Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Nisalimie kila anayeniulizia, na asiyeniulizia msalimie pia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi