Maelezo Kuhusu Mkono wa Firdausi na Daftari la Jioni

KITUO CHA POLISI, KIBONDO
Tarehe 27/03/2024, saa 4:10 asubuhi

Jina: Theodosia Nkunzimana
Umri: Miaka 41
Kazi: Mchambuaji maharage
Makazi: Murungu, Kibondo

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Naeleza kwa hiari yangu, ingawa tangu nifike hapa dereva wa Lukmani, msimamizi wetu kazini, amepita mara mbili nje ya geti, na sidhani kama amepotea njia.

Nilianza kazi kwenye ghala la maharage hapo Murungu mwaka 2021. Lukmani ni mtu wa Kasulu. Kazi inaisha saa 11:00 jioni, lakini msimu ukichanganya tunabaki mpaka saa mbili. Mwezi Januari mwaka huu alituita wanawake tisa akasema, "Mshahara ukivuka laki mbili na sabini, kodi inakula wote. Saa za jioni tuziandike kwa jina la ndugu." Tulimshukuru. Mimi nilitoa jina la binti yangu Divine, fundi cherehani Kasulu, ambaye hajawahi kukanyaga ghalani. Firdausi, msichana wa miaka 23 ninayekaa naye benchi moja, alitoa la mama yake, Tunu. Kila jioni tulisaini kutoka kwa majina yetu, tukasaini kuingia kwa majina ya ndugu, bila kunyanyuka.

Kuna kitu hakikunikaa sawa. Saa za Divine zililipwa bei ile ile ya mchana. Nilimuuliza Lukmani, akasema, "Mama Divine, unapenda maneno." Nikaendelea kusaini. Najilaumu.

Mnamo tarehe 14/03/2024, saa 12:15 jioni, gunia lilikwama kwenye mashine ya kupepeta. Firdausi aliinama kulivuta, mkanda ukamshika mkono wa kulia. Alilia, "Mawe! Mawe!", akimwita mama yake kwa lugha ya kwetu. Mimi ndiye niliyezima swichi na kumfunga kwa kitenge changu. Hospitalini walimkata vidole vitatu.

Tarehe 20/03/2024, saa 3:00 asubuhi, Lukmani alikuja kwangu na kilo tano za sukari. Hajawahi kuniletea hata kiberiti. Alisema Firdausi hatalipwa fidia kwa kuwa hakuwa kazini. Eti aliyekuwa zamu ni mama yake, yeye alimletea futari tu, akachezea mashine. Nikamwambia Tunu alikuwa nyumbani kwake akiipika hiyo futari, na mimi nilikuwepo nikaona.

Akacheka. "Wewe? Daftari linasema ulitoka saa kumi na moja. Aliyekuwepo ni Divine."

Sukari yake nilimrudishia.

Tarehe 25/03/2024 nilimfuata ofisa kazi. Alinieleza kwamba kodi inakatwa kwenye kile kinachozidi laki mbili na sabini tu, si mshahara wote. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kuzidi hamsini kwa wiki nne. Mimi nilikuwa nafika sitini na kitu. Kumbe kodi aliyotutishia ilikuwa kidogo tu. Kwa majina yale saa zetu za ziada zilionekana za kawaida, za watu wengine, na hakuna mkaguzi ambaye angeuliza. Nimeumia sana, maana kalamu nilishika mwenyewe, hakuna aliyenishikia.

Firdausi alikuwa kazini. Saini zote za Divine katika daftari la jioni, tangu Januari, nimeziandika mimi, na ya tarehe 14 pia. Divine hahusiki.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali.

Saini ya shahidi: T. Nkunzimana

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika mimi, WP Koplo Shadia. Kabla hajasaini nilimwonya shahidi kwamba maneno yake kuhusu daftari yanaweza kumfikisha mahakamani yeye mwenyewe. Aliuliza kama yatamsaidia Firdausi kulipwa. Nilimjibu kwamba hilo siwezi kumwahidi. Akasaini.