Kona ya Kiwanda cha Matofali

Nyumba ya fundi saa, ghorofa ya juu,
Mlango wa kijani.
Jumapili jioni, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za hospitali. Ulisema wamekurudisha zamu za mchana. Nimefurahi, maana wewe ukikosa usingizi unakuwa mkali mpaka kwenye simu.

Huku sote hatujambo. Mama mzima, anakula vizuri, anagombana na redio kama kawaida yake. Watoto nao wazima. Mkubwa amenipita urefu na siku hizi ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee akivuka barabara. Paa limezibwa, isipokuwa pale juu ya kabati.

Ujumbe wako niliupata. Najua ulichosikia na najua ulikokisikia. Shangazi ana moyo mzuri, lakini habari yoyote ikipita mikononi mwake lazima aitie chumvi. Wifi yako hakuvunjika mguu. Hakulazwa. Pikipiki haikuingia mtoni, na mto wenyewe huku haupo. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa huniachi nikamaliza.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi wa pili, Jumapili mchana, tulikuwa tunatoka kumtazama mgonjwa, mimi mbele na wifi yako nyuma, kwenye ile pikipiki nyekundu ya spoti niliyoinunua kwa mwenzangu wa kazini alipohama. Ile kona ya kiwanda cha matofali unaikumbuka, ile inayoanza kwa upole halafu ikakaza ghafla. Nilikuwa mwendo wa kawaida, sishindani na mtu. Katikati ya kona pikipiki ikaanza kunitoka, inakwenda nje, inakwenda nje, kuufuata mstari mweupe wa pembeni. Nami macho yangu yote yako kwenye mstari ule ule. Nikafunga mafuta, nikabana breki, nikafanya kila kitu kisichotakiwa kufanywa. Tukatoka barabarani, tukaingia kwenye majani marefu, tukasimama. Tukiwa tumeshasimama ndipo nikaiangusha. Hakuna aliyeumia. Wifi yako alipoteza kisigino cha kiatu.

Sehemu ambayo Shangazi hakuijua, na ambayo angeilipia kuijua, ni kwamba mstari ule niliuchora mimi. Ndiyo, mimi na kikosi changu, mwaka juzi, kwa mashine yetu ya rangi. Nimechora mistari ya barabara za mji huu kwa miaka, na mmojawapo umenitoa njiani.

Wifi yako alijipangusa majani, akavua na kiatu cha pili, akatembea peku mpaka kituo cha basi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia. Asubuhi yake nikawasha pikipiki nimpeleke kwenye duka la mapazia anakoshona, akasema ana mizigo. Siku iliyofuata sketi ilikuwa inambana. Baada ya hapo hakuhangaika tena na sababu, alichukua mkoba wake akaenda kusubiri basi.

Iliniuma. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nyumba yetu unaijua: Mama sebuleni, watoto kila mlango, fundi saa wa chini anayepanda kuuliza kama tuna chumvi. Ile safari ya asubuhi ndiyo ilikuwa nafasi yetu ya kuwa wawili tu. Utasema niiuze, na Mama alisema hivyo hivyo. Chuma ni chuma, ningeweza kukiuza. Lakini nikikiuza, mimi nabaki kuwa mtu aliyempeleka mke wake majanini, na hakuna siku nitakayoliondoa hilo. Nilitaka apande tena, na apande bila kujilazimisha.

Basi nikaenda kujifunza. Cheka tu, nimekuruhusu. Nina leseni tangu ujanani, lakini leseni haikuulizi kitu kuhusu kona. Kuna mama mmoja aliyekuwa msafirisha vifurushi kwa pikipiki maisha yake yote ya kazi, siku hizi anafundisha Jumamosi kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya maghala. Watu wanamwita Bi Breki. Ni mfupi, miwani yake ya kusomea inaning'inia shingoni kwa uzi, na hapendi mtu anayevuta mafuta ili asikike. Siku ya kwanza alinitazama nikizunguka koni zake za plastiki alizozipanga chini, akaniita, akanigonga helmeti kwa kidole kama anayebisha hodi.

Mafunzo yenyewe, kwa kuwa najua utauliza, si ya kutisha. Breki unamaliza kabla ya kona, si ndani yake. Magoti yanabana tangi ili mikono ilegee. Mafuta unayashika pale pale, huyafungi ghafla, maana ukifunga katikati pikipiki inasimama wima na kukataa kugeuka. Ukitaka kuingia kulia unausukuma mpini wa kulia, huuvuti. Hili la mwisho nilidhani amekosea, nikabishana naye kwa adabu. Aliniacha nijaribu, na pikipiki ikalala kulia kama alivyosema yeye.

Hayo yote niliyafanya, na bado kila kona nilikuwa natoka nje. Jumamosi nzima, halafu Jumamosi ya pili. Kuna kijana wa benki alianza baada yangu na alikuwa anapita kwenye zile koni kama anateleza. Mimi nilikuwa naziangusha. Nilianza kukata tamaa, nikawa nasingizia matairi.

Siku moja Bi Breki akasimama mwisho wa kona, akawa kila nikipita anainua kitu juu. Nikimaliza mzunguko ananiuliza alikuwa ameshika nini. Sikujua. Mzunguko wa pili, sikujua. Wa tatu nikabahatisha, nikasema kikombe. Kilikuwa kiatu chake, alikuwa amesimama mguu mmoja. Akauliza kwa hasira kidogo, sasa wewe ukiwa kwenye kona unaona nini? Nikamwambia ukweli: naona kwamba mstari wa maegesho ya pale rangi yake ilizimuliwa mno, imepasuka, na aliyechora hakufagia vumbi kwanza.

"Wewe kazi yako nini?" akaniuliza.

Nilipomjibu alikaa chini juu ya lami. Alicheka mpaka akavua miwani iliyokuwa shingoni kana kwamba ndiyo iliyokuwa inamsumbua. Kijana wa benki akaja kuuliza kama mama anaumwa.

Ndivyo ilivyokuwa, Dada. Kazi yangu yote ni kutembea nyuma ya mashine nikiinamia mstari. Ukiinua kichwa, mstari unapinda. Macho yangu yamelelewa hivyo, na pikipiki inakwenda yanakokwenda macho. Mtu mwingine akiogopa ndani ya kona hutazama shimo au gari linalokuja. Mimi hata nisipoogopa natazama rangi. Bi Breki alisema amefundisha wapishi, mapolisi na daktari wa meno, na huu ugonjwa hakuwahi kuuona.

Tukaanza upya, kuanzia shingoni. Kabla ya kuingia kona kidevu kinageuka kwanza, kinaelekea mahali kona inapoishia, na hakirudi chini hata rangi ikiita. Mara ya kwanza nilipofanya sawasawa, pikipiki iligeuka yenyewe, kwa wepesi ambao sikuutegemea, nikashtuka nikafunga mafuta. Mara ya pili sikufunga. Niliona kwamba ameshika bisibisi. Nilipiga kelele, bisibisi, mpaka mlinzi wa ghala akatoka nje.

Kazini mambo yakaharibika kidogo. Macho yakishajifunza kuinuka hayaulizi leo ni siku gani. Tulikuwa tunachora barabara ya mbele ya ofisi ya posta, nikainua kichwa kutazama mwisho wake, na nilipokirudisha mstari ulikuwa umekwenda zake kuelekea mlangoni mwa posta. Vijana wa kikosi waliniuliza kama nakwenda kutuma barua. Ilibidi tuufute kwa rangi nyeusi, na alama yake inaonekana mpaka leo ukisimama upande wa jua. Injinia aliguna tu. Sasa nimejifunza kutenganisha: nyuma ya mashine chini, juu ya pikipiki mbele.

Kwenye kona ya kiwanda cha matofali nilirudi peke yangu, Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Mara ya kwanza niliipita kwa mwendo mdogo hivi kwamba mwenye baiskeli alinipita akanisalimia. Mara nyingine palikuwa na vumbi la matofali limemwagika, mwili wote ukakakamaa, na ilibidi nijiambie kwa sauti: kidevu, kidevu. Jumapili baada ya Jumapili nikapiga moyo konde nikaenda. Hofu haijaisha, ila sasa inakaa mahali pake na mimi nakaa pangu.

Wifi yako sikumwambia kitu kuhusu kupanda. Aliniona tu nikiondoka na kurudi. Jumamosi moja akaniambia anakuja kutazama, akabeba na kazi yake, pindo la pazia la mteja. Alikaa kwenye ukuta mfupi anashona, hanitazami, au ndivyo alivyotaka nidhani. Baadaye Bi Breki akampa nafasi yake mwisho wa kona. Akainua mkasi, nikataja mkasi. Akainua kidonge cha uzi, nikataja na rangi ya uzi. Mzunguko wa mwisho akainua mkono mtupu. Nikapaza sauti kwamba hajashika kitu. Alicheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa pili. Lakini kurudi nyumbani alirudi kwa basi.

Sasa nifike leo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Leo baada ya chai nilikuwa chini nafuta mnyororo. Wifi yako akashuka ngazi amevaa suruali na viatu bapa, helmeti yake mkononi, akaniuliza kama tunakwenda au nitafuta hicho chuma mpaka jioni. Sikuuliza tunakwenda wapi. Niliogopa nikifungua mdomo nitasema neno la kumrudisha juu.

Mwanzoni alikuwa kama gogo. Abiria akiogopa unamjua, Dada. Wewe unalala na kona, yeye anabaki wima, na pikipiki inakuwa nzito kama imebeba watatu. Mikono hakuniwekea, alishika vile vyuma vya nyuma. Kona ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Nikaacha kuhesabu lawama, nikafanya yangu: breki mapema, kidevu, mafuta pale pale. Sikuchagua njia ya kiwanda cha matofali. Barabara nyingine ilikuwa imefungwa kwa sababu wanaichimba, na ile kona ikajitokeza mbele yetu.

Kabla hatujaifikia akaanza kuzungumza. Ni habari ya dukani. Kuna mteja aliyerudisha mapazia yote ya nyumba kwa sababu jirani yake ameweka ya rangi ile ile, na jirani naye, aliposikia, akayarudisha ya kwake siku hiyo hiyo, na wote wawili wakakutana kaunta wamebeba mafurushi. Alikuwa anaisimulia kwenye sikio langu kwa nguvu, juu ya upepo, na sauti ya kila mmoja wao. Nikamaliza breki. Nikageuza kidevu. Tukaingia, kona ikakaza, tukalala nayo, na uzito wa nyuma haukuwepo, alikuwa amelala nami, mkono mmoja kiunoni mwangu na mwingine unaonyesha ukubwa wa lile furushi. Hakukatisha hata neno. Tulitokea upande wa pili yeye yuko pale mwenye duka anapowauliza wale wanawake kama wangependa kubadilishana.

Nilisimama mbele kidogo kwa sababu macho yalikuwa yameingia maji ndani ya helmeti na nilikuwa sioni vizuri. Akauliza kuna nini. Nikamuuliza, umeionaje ile kona?

"Kona gani?" akasema.

Basi, Dada, hizo ndizo habari. Mwambie Shangazi akikupigia, ila usimwambie kwamba nililia, hiyo iachie hapo hapo. Mama anakusalimu na anauliza kama huko unavaa soksi. Wifi yako anakusalimu sana, amekushonea foronya mbili, atazituma na mtu. Watoto wanakuamkia. Nisalimie shemeji, na yule mdogo asiyependa kuongea na simu. Mungu akutunze ugenini, azilinde zamu zako na goti lako, na siku moja akurudishe kwetu ukiwa mzima na mwenye usingizi wa kutosha.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye hata unaponigombeza,

Mchora Mistari