Wikiendi ya Mawingu

Oslo, 14 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini nawe hujambo na mgongo umepoa. Naandika kwa kuwa simu hupokei. Shangazi Gáddjá anasema inalia mpaka inachoka, na wewe umekaa pale pale unasuka utepe.

Nina habari nzuri. Ijumaa ya tarehe saba Februari nakuja nyumbani na wenzangu watatu wa ofisini: Tuva, Henrik na Sigurd. Hawajawahi kuziona taa za kaskazini zikicheza angani. Tutafika Ijumaa jioni, Jumamosi usiku tukae nje, Jumapili mchana turudi. Nimeshawaambia wasihangaike na hoteli. Tuva atalala nami, wanaume walale sebuleni. Ukiweza kupika ile supu ya nyama ya kulungu wa theluji nitafurahi. Na ukivaa vazi letu na ile pini kubwa ya fedha, wao watafurahi zaidi. Tuva anapiga picha nzuri.

Jambo dogo la mwisho. Henrik hana nguo za baridi ya huko. Anaweza kuazima koti la manyoya la Baba? Liko pale tu. Amesoma mahali kwamba ukizipigia taa mluzi zinasogea karibu, basi tangu jana anafanya mazoezi ofisini. Tunacheka sana.

Mwanao,
Márjá

Kárášjohka, 22 Januari

Márjá,

Shikamoo yako nimeipokea. Mgongo ni ule ule. Gáddjá anakohoa lakini hajambo. Sasa nisikilize.

Simu siipokei kwa sababu Oktoba niliipokea, wakaniambia wamemtoa baba yako mtoni.

"Liko pale tu," unaandika. Koti la baba yako liko kwenye msumari alioupigilia mwenyewe karibu na mlango. Mfukoni mna kipande cha jibini alichokuwa akikata na kutia kwenye kahawa. Kimekuwa kigumu kama jiwe na sijakitoa. Nawe unataka nimvishe mtu anayefanya mazoezi ya mluzi.

Umesahau ulikolelewa? Baba yako alipiga mluzi maisha yake yote. Wimbo mmoja, tena mbovu, wa kupanda usioshuka. Akipanga kuni alipiga, akitengeneza nyavu alipiga, mpaka nikamwambia, "Heaika, huyo ndege unayemwita hafiki." Lakini majira ya giza, akifika kizingitini aliufunga mdomo. Mianga iwepo isiwepo, alitoka kimya. Ulipokuwa mdogo ulimuuliza kwa nini, akakwambia, "Wale walio juu hawachezewi." Hukuuliza tena. Ulijifunga skafu kichwani wasikunyakue kwa nywele, ukatoka naye, mkono wako ndani ya mfuko ule ule wa koti.

Na unaziita taa. Taa ziko barabarani kwenu.

Pini ya fedha sijaivaa tangu mazishi, na sitaivaa kwa ajili ya picha. Siku ile ulishuka asubuhi ukapanda ndege ya jioni. Chakula cha matanga ulikula ukiwa na koti mwilini. Gáddjá aliniuliza, "Huyu anasikia baridi?" Nikamjibu, "Ana haraka."

Mama yako

Oslo, 28 Januari

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, samahani kwa mwandiko.

Mwaka wangu wa kwanza huku waliniuliza kama nyumbani tunalala na mbwa. Nilicheka nao, maana ningefanya nini? Hawa watatu ni watu wa kwanza kutaka kuona ninakotoka. Niwaambie mama yangu amewakataa kabla hajawaona?

Koti sikulivua, kweli. Ningelivua ningelazimika kulitundika, na msumari wangu uko kando ya wake. Bega langu lingegusa manyoya yake mbele ya watu wote waliojaa pale na vikombe mkononi. Wewe ulikuwa umekaa mita chache kutoka kwangu, hukuliona hilo. Uliona haraka. Na kama hukuliona, ungeweza kuniuliza mimi badala ya kumjibu Shangazi kwa niaba yangu.

Hukufiwa peke yako, Mama.

Wenzangu wanakuja. Kama hutaki, tutalala hotelini, nami nitapita mbele ya nyumba ya baba yangu kama mtalii.

Márjá

Kárášjohka, 3 Februari

Márjá,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikaitupa, nikaiokota. Natumaini mkono umetulia.

Hotelini hulali. Watu watatuongelea mpaka kiangazi. Njooni. Vitanda nimetandika na supu nitapika. Koti la baba yako halitoki msumarini. Tuva atafunga nywele. Yule mwenye mluzi akiupiga uani kwangu atamalizia safari yake barabarani, mwambie hivyo hivyo, usimlainishie.

Hasira yangu haijaisha. Njoo na yako, tuziweke meza moja.

Mama yako

Kárášjohka, Jumapili, 9 Februari

Márjá,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, Gáddjá ameniletea.

Ijumaa nilipika. Nilitoa mguu wa kulungu niliokuwa nauweka kwa Pasaka. Nilifagia theluji kutoka barabarani mpaka mlangoni, na mgongo huu, ili watu wako wasizame na viatu vyao vya mjini. Jioni ikaingia, nikawasha mshumaa dirishani. Nikasikia pikipiki ya theluji. Ilikuwa ya Gáddjá. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Risten, mtoto amenipigia. Hawaji."

"Anaumwa?"

"Mawingu."

"Mawingu gani?"

"Utabiri unasema mawingu mpaka Jumatatu. Hawataona kitu. Wenzake wamesogeza mpaka Machi, na kama Machi nako kubaya, basi."

"Na yeye?"

Gáddjá akaangalia viatu vyake. "Yeye yuko na wenzake."

Alikula bakuli mbili za supu, akasema, "Haya, hata mawingu yana faida yake." Alitaka nicheke. Nilikwenda kutoa shuka vitandani.

Ulipotaka kuja nilikasirika. Sikujua kumbe ile ilikuwa hasira ndogo. Mimi siku za mawingu nipo, Márjá. Jiko linawaka, nyavu zinavutwa, nazungumza na paka. Sihitaji anga safi ili nionekane. Kati ya vitu vyote ulivyopanga kuja kuviona, mimi nilikuwa wa ngapi?

Usiniandikie barua nyingine. Sina pa kuziweka.

Risten

Mezani kwako, Jumamosi, 22 Februari

Mama,

Shikamoo. Ulisema nisiandike barua. Hii si barua, ni karatasi ya mezani.

Mlango haukufungwa na sleji ya kuburuta nyavu kwenye theluji haipo, kwa hiyo najua uko ziwani unavuta nyavu, na mgongo huo. Nimekuja peke yangu. Ofisini nimeomba wiki mbili. Utabiri niliuangalia kabla ya kukata tiketi: mawingu, mawingu, theluji, mawingu. Henrik akaniuliza sasa unakwenda kuona nini. Nikamwambia mama yangu. Akasema, "Si ungesema tangu mwanzo." Hilo ndilo lililonichoma kuliko barua yako.

Bado nina hasira nawe kuhusu lile jibu ulilompa Shangazi. Nimekuja nayo kama ulivyoagiza. Tutaiweka mezani tukishakula.

Kuni zilikuwa zimeporomoka pembeni ya jiko, nikazipanga. Katikati ya kupanga nikasikia mluzi humu ndani, nikageuka upesi. Nilikuwa mimi. Ule ule mbovu, wa kupanda usioshuka. Nilikaa sakafuni na paka mpaka machozi yakaisha.

Kahawa iko motoni, usiiache ichemke ikamwagika ukinitangulia kurudi. Koti langu liko kwenye msumari wangu. La Baba nimelivaa, maana langu ni la mjini, halifai ziwani. Ukiona msumari wake uko mtupu usishtuke. Jibini limo mfukoni, nimeligusa tu.

Nakuja kukusaidia kuvuta. Hakuna mwanga wowote huko juu, lakini nikifika kizingitini nitanyamaza.

Mwanao,
Márjá