Siku Watani Walipofukuzwa Mnarani

Mama yangu uliyetangulia,

Neno ninaloanza nalo halifai katika barua ya mtoto kwa mama yake, lakini sina jingine lililo la kweli zaidi: kinyaa. Ninacho tangu juzi, siku ya kumbukumbu ya mashujaa, ya kwanza bila wewe.

Kamati ya mnara wetu wa mashujaa, ule wa njia ya kwenda Kilambo, iliniomba niandike historia yake, kwa kuwa nimesoma. Nilizunguka kwa wazee, na kila mmoja alinipa mnara wake. Wengi walisema Wazungu waliusimamisha baada ya Vita vya Kwanza kumkumbuka afisa wao, bila neno juu ya wapagazi wetu waliokufa wakibeba mizigo yake. Mmoja alishikilia kwamba ilikuwa alama tu ya wapima ardhi. Sikuweza kuamua, na niliandika hivyo. Kilichofuata ninakijua zaidi. Vita vya ukombozi vilipopamba moto ng'ambo ya Ruvuma na mabomu ya Mreno yakaanza kuua watu upande wetu, wenyeji waliipaka nguzo ile saruji mpya, wakachora juu yake kwa msumari majina ya wafu wao. La baba mkubwa, aliyekanyaga bomu shambani kwake, lilikuwa upande unaotazama mto.

Nakuona ulivyosimama mbele ya jina hilo kila mwaka, mkono kiunoni, sauti ikifika sokoni.

"Wee shemeji! Ulikatazwa kwenda shambani, ukajibu mhogo hauna ugomvi na Mreno. Haya, mhogo tumeula sisi. Wewe umekula nini?"

Mama mkubwa, mjane wake, alikuwa akicheka huku akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mwongeze! Mbishi sana huyo!"

Wewe Mmakua, ukoo wa baba Wamakonde. Utani ulikuwa haki yako na pia kazi yako. Uliniambia kwamba maiti asiyekejeliwa na mtani ni maiti wa njiani, aliyezikwa na watu wasiomjua. Ukaongeza, "Nikifa, wewe ndiye utakayesimama hapa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama." Nilicheka, nikadhani hilo nalo ni utani.

Sasa sikia walichokifanya. Mnara wameuvisha vigae vyeupe kutoka chini hadi juu, na majina yote yamo ndani, chini ya gundi. Mbele wamebandika bamba la marumaru. Juu kabisa, kwa herufi za dhahabu, kuna jina la mgeni rasmi aliyeuzindua. Yanafuata majina ya wanakamati. Mwisho, kwa herufi ndogo: "na mashujaa wengine wote." Wengine! Kana kwamba wa kwanza ni wao.

Najitahidi kuwa mwadilifu. Nguzo ya zamani ilikuwa imepasuka, mbuzi wakijikunia pale, na zipo familia zilizofurahi kwa dhati kuona ndugu zao wamepata kitu kinachong'aa. Huenda ninachokiita kinyaa ni kiburi tu cha msomi anayetaka umaskini wa wengine uendelee kumpendeza machoni. Nimelipima wazo hilo kwa siku mbili. Bado kinyaa kipo.

Mwenyekiti alikuwa amekata katika historia yangu sehemu ya wapagazi na sehemu ya watani. "Dada, hayo ya kutukana wafu yaache," alisema. "Mgeni rasmi ni mtu mzima." Nilisoma kilichobaki mbele ya wageni, wakapiga makofi. Mara akaingia shoga yako na mtani mwenzako, Bi Zuhura, amevaa gunia na sufuria kichwani, kama mlivyozoea.

"Nyie wafu wavivu, amkeni! Wageni wanamaliza wali wenu!"

Mgambo wawili walimshika mikono, mzee wa watu, wakamburura hadi nje ya kamba. Mshereheshaji akaomba radhi kwenye kipaza sauti: "Mheshimiwa, utusamehe, huyu bibi ni mgonjwa wa akili." Kisha muziki ukafunguliwa.

Alasiri, magari yalipokwisha kuondoka na vijana wakifungua maturubai, mama mkubwa alikuwa bado ameketi pale chini.

"Leo mume wangu amesalimiwa kama mgeni," alisema. "Ndiyo kusema hana mtani tena?" Akanitazama. "Mama yako hakukuachia mdomo?"

Nilisimama, mama. Ulimi wangu umezoea "inawezekana" na "kwa kiasi fulani", kutukana haujui. Nilivitazama vile vigae.

"Baba mkubwa," nikasema, "amka uone. Ulikuwa huogi mpaka ulazimishwe. Sasa wamekujengea bafu, na maji hawajakuwekea!"

Nilidhani nimemvunjia heshima. Kisha mama mkubwa akaangua kicheko, akapiga mapaja. "Wallahi alikuwa haogi! Nani kakwambia?"

Bi Zuhura akajibu kutoka ng'ambo ya barabara, alikofukuziwa, "Na wenye bafu wameandika majina yao mlangoni, asije akaoga bila ruhusa!" Vijana wakaachia kamba za turubai kwa kucheka.

Sijui kama kejeli moja, tena ya mwanafunzi, inatosha kusafisha siku kama ile. Naelekea kuamini kwamba haitoshi. Bamba lipo, na mwakani litakuwapo. Lakini nami nitakuwapo, nikiwa nimevaa gunia, na Bi Zuhura ameahidi kunifundisha yale machafu zaidi, ambayo wewe ulinificha.

Pumzika, mama. Ukikutana na shemeji yako huko, usimhurumie.

Mwanao,
mtani wa baba mkubwa