Tulivyokosa pa Kushushia Boti

Kwa Rhobi, nyar Kegonga, binti wa Kegonga, mke wa mwanangu,

Mmeamkaje huko nyumbani, na mlilala mmekula? Nijibu ukweli, si ule wako wa "tuko tu sawa, mama." Kifua cha mdogo kimepoa? Ukishampaka dawa umfunike, usimwache akimbie uchi upepo wa ziwa umpige. Mimi hapa kwa wifi yako Akinyi niko. Goti linauma, macho yanatoa maji hata nikikaa mbali na moshi, lakini nakula, na watu bado wananiogopa.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Dholuo yako ni ya kununulia samaki tu, miaka yote hii umeolewa kwetu. Na sipigi simu kwa sababu ukishika simu yangu, Owuor anakunyang'anya na kuweka sauti nje boma lote lisikie. Haya si ya boma lote. Tena hasa si ya Owuor. Ni shemeji yako, lakini mimi ndiye nilimzaa, najua mdomo wake.

Tangu mumeo Odhiambo atoke Masara, kule kwa machimbo ya dhahabu, akija kunisalimia na mto Kuja ukamchukua, wewe umesikia maneno ya watu tu. Sasa sikia yangu. Siku hiyo hapa kulikuwa na jua. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu Kisii, mto ukashuka na maji ya watu wengine. Akinyi alikuwa ng'ambo hii na mbuzi, akamwona kaka yake akiingia pale wanapovukia kwa miguu, viatu amevining'iniza shingoni. Alipungiwa mkono. Akageuka kufukuza mbuzi kwenye mahindi ya watu, na alipotazama tena hakukuwa na mtu. Usimuulize Akinyi zaidi ya hapo. Nimemuuliza mimi, na sasa halali.

Watu wa huku hawana boti. Aliyezama wanamtafuta kwa kutembea ukingoni na fimbo ndefu, wanachokoachokoa majani kama wanatafuta yai la kuku. Mimi nimezaliwa ziwani. Mtu wa majini anafuatwa majini. Nikampigia Okeyo, yule jirani yetu mvuvi, akapakia ile boti yake ndogo ya makasia kwa pikapu, akaja bila kuuliza swali hata moja. Umshukuru akifika, na umpe chakula cha maana, si uji.

Owuor naye alikuwa ameshaanza habari ya yago. Najua hakukueleza, na wewe hukuuliza, unakaa tu kama mgeni. Kwenu Kuria sijui mnafanyaje. Kwetu, mtu akipotelea majini asionekane, linachumwa tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Linafungwa shuka, linaliliwa, linazikwa mahali pake yeye. Ndipo nyumba inaweza kuendelea. Owuor alitaka hivyo wiki ileile. Nikamwambia mimi sikuzaa tunda.

Basi boti ikafika. Kumbe kupata boti ni rahisi, shida ni kuiingiza ndani ya maji. Huku si ziwani ambako unasukuma tu kwenye mchanga. Kuja umekula kingo zake. Pale alipopotelea Odhiambo pamebaki ukuta wa udongo mrefu kama nyumba, ungeshusha boti hapo ingetangulia na pua ivunjike. Penye mteremko ambapo wanaume wanne wangeweza kuishusha ni pachache, na kila pahali pana mwenyewe.

Tulianza kwa wachimba mchanga. Msimamizi wao, kijana amevaa kofia ya sufu kwenye jua lile, alikataa Okeyo hajamaliza hata kusalimia.

"Boti yenu ikishukia hapa, mtu wenu atapandia hapahapa," akasema. "Na lori gani itakuja kupakia mchanga pale maiti imelazwa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya kila mtu, Rhobi. Si ubaya tu. Pale aliyezama atakapotolewa ndipo mwenye pahali atabaki naye. Atatafuta kondoo wa kuchinja kusafisha, watoto wake watakatazwa kuteka maji, na usiku mke wake ataanza kusikia mtu akipiga hodi. Ningekuwa na mteremko wangu labda na mimi ningefikiria mara mbili. Lakini mteremko ulikuwa wao na mtoto alikuwa wangu, kwa hivyo sikutaka kufikiria.

Tukaenda kwa mzee mmoja ambaye ng'ombe wanakunywea kwake. Huyo alitukaribisha, akatupa chai yenye maziwa, akanipa pole ndefu, halafu akasema ng'ombe wakinusa kifo hawatakunywa tena pale. Ningejua singekunywa chai yake. Tukaenda pale kanisa fulani linapobatizia. Mchungaji alituombea mpaka goti langu likaanza kutetemeka, akafumbua macho, akasema hapana, waumini wataogopa kuingia majini. Nikamuuliza kama yeye anajua kuzamisha watu tu na kuwatoa hajui. Wanawake wa kanisa lake wakaguna. Akinyi akanivuta nguo.

"Mama," akaniambia njiani, "ukiendelea hivyo, hata pale ambapo hatujafika patafungwa."

Na ni kweli, mahali pengine paliponiona nikija, pakafungwa. Niliwatukana watu, sikufichi. Nilisimama njiani nikawauliza kama watoto wao wote wameahidiwa kufia kitandani. Akinyi anafikiri sikumwona akibaki nyuma kuwaomba msamaha. Na siku zote hizo boti imelala kifudifudi hapa uani, kuku wakaanza kutagia chini yake, na mwanangu yuko majini anaendelea na safari.

Aliyetupa njia ni mwanamke ambaye hatukwenda kwake hata. Anaitwa Min Achieng, mama wa Achieng. Ana kibanda karibu na mafunjo, na mahali padogo anapooshea vyombo, pembamba, pana matope, lakini panateremka. Alikuja mwenyewe, akasimama kando ya boti hakutaka kiti.

"Mimi nilizika yago," akasema. "Mvulana wangu. Nilikuwa sina boti na sina wa kuniletea. Leteni yenu kwangu."

Nikamwambia, kwa sababu sipendi kumdanganya mtu, kwamba akipatikana atapandia kwake.

"Apande," akasema. "Kuna mtu wa kumkataza?"

Nikainuka, Rhobi, nikawafukuza kuku chini ya boti.

Tuliibeba boti kwa kupita shamba la mihogo, mume wa Akinyi na Okeyo mbele, majirani wawili nyuma ambao walikuja nyuso zimefunikwa kama wezi. Min Achieng ndiye alishika kamba, akaingia matopeni mpaka kiunoni ili boti isikimbizwe na maji. Walitaka nibaki. Nikaingia, nikakaa mbele. Okeyo alipiga kasia, mume wa Akinyi akaburuta ndoano chini. Tulitafuta kila kona maji yanapozungukia, kila mti ulioangukia mtoni. Nilimwita jina lake lote, na la baba yake. Tulipata mlango wa nyumba ya mtu. Tulipata mbuzi amevimba. Ndoano ilishika kitu kizito mara moja, wote tukavuta, ikatoka na gunia la mchanga.

Kisha tukafika pale Kuja unapoacha kuwa mto. Unatawanyika ndani ya mafunjo na magugu maji, huoni njia, boti inakwama, ukishuka unazama. Okeyo akaweka kasia magotini.

"Mama, mto umeisha hapa," akasema.

Tulirudi kwa Min Achieng mikono mitupu. Siku ya kwanza, wangetupa pa kushukia, tungemkuta hajafika kwenye yale mafunjo. Hilo nalijua na litakaa na mimi. Wao nao wanalijua. Nikipita sasa wananiamkia wa kwanza.

Sasa nisikilize wewe. Jana mtoto wako mkubwa alizungumza na Akinyi kwa simu, akasema mahindi ya majirani yamefika magotini na shamba letu bado ni pori, kwa sababu boma lenye msiba ambao haujazikwa halishiki jembe. Ulinyamaza kwa nini? Ulitaka mvua iishe, watoto wale nini, heshima yangu? Kila siku naringa kwa simu ati sikuzaa tunda, na wewe umekaa umekunja mikono ukinisubiri. Mdomo unao, nyar Kegonga. Siku nyingine unifokee.

Owuor alikuwa na haki. Soma hapo na unyamaze, asijue nimesema.

Nimelichuma mwenyewe, na Min Achieng, kwenye mti ulio juu ya mto. Tuliacha yale madogo. Okeyo analileta ndani ya boti, limefungwa lile shuka la bluu alilokuwa akilalia hapa. Usilipokee kama mzigo. Asilibebe mtu mmoja begani kama mkungu wa ndizi, washike wawili, na liingie mchana watu wakiona. Utaona aibu kulilia. Mimi niliona aibu nikilifunga, nikalifunga tu, na katikati ya kulifunga aibu ikaisha. Lia, Rhobi, upige yowe, mpaka Kegonga wasikie. Ukishazika na mkamaliza ya kumaliza, shika jembe siku hiyohiyo desturi itakapokuruhusu.

Mimi sitakuja. Watasema mama amekosa kumzika mtoto wake, waache waseme. Yale mafunjo yanaweza kumwachilia wakati wowote, na akitoka, lazima kuwe na mtu wa kusema huyu ana kwao. La sivyo watamzika ukingoni kama mbwa wa mtu asiyejulikana. Min Achieng amenipa nafasi kibandani kwake. Asubuhi tunashuka pamoja kuosha vyombo, na tunaangalia.

Nisalimie wajukuu wangu wote, na yule mkubwa umwambie amefanya vizuri kusema. Msalimie jirani mama muuza omena anayekuja kulala nawe usiku, na mzee katekista wetu, mwambie asihubiri sana, watu watakuwa na njaa. Owuor naye msalimie, kwa ufupi.

Na umwambie asichimbe katikati ya ile sehemu ya kaburi. Achimbe pembeni, abakize nafasi ya mtu mmoja. Akiuliza ni ya nani, mwambie mama amesema.

Ni mimi,
mama yake Odhiambo, na wako.