Kumbukumbu za Kikao Kilichofanyika Katika Banda la Farasi kwa Sababu Ukumbi Ulikuwa Umejaa Kuku

UMOJA WA WAFUGAJI WA TUINUANE, KITALE

Kikao cha dharura cha kamati, Jumamosi, tarehe 22 Julai 2006, kuanzia saa nane mchana.

MAHALI: Banda la farasi, nyuma ya ukumbi wa kanisa. Kikao kilikuwa kimeitishwa ukumbini, lakini mitetea yote ya Umoja ingali humo tangu ile baridi ya Jumanne, na mmoja ametaga juu ya kinanda.

WALIOHUDHURIA
Mzee Walubengo – Mwenyekiti
Bi. Joan Nasimiyu – Katibu
Bi. Nyaguthii – Mjumbe, mwenye farasi
Bw. Waithaka – Mjumbe, jirani wa Bi. Nyaguthii
Bw. Tonny Kipkoech – Mjumbe, msimamizi wa nyumba ya kuku
Mama Phelista – Mgeni, mwakilishi wa kina mama wa Sirisia wanaongojea vifaranga wetu

WALIOTUMA UDHURU
Bw. Ngige – ana homa.

WASIOTUMA UDHURU
Bw. Kemboi, ambaye Katibu alipishana naye sokoni asubuhi akiwa mzima kabisa.

Walikuwepo pia, ingawa si wanachama, farasi wawili, yaani Dachesi (jike, mzee) na Kaptaini (dume), pamoja na vifaranga wa Umoja ndani ya makatoni.

KUMB. NA. 1/7/2006: KUFUNGUA KIKAO

Mama Phelista aliongoza maombi. Alishukuru kwa uhai wa watu, wa kuku, na "wa hawa wakubwa wanaonipumulia kisogoni." Wajumbe waliketi juu ya marobota ya nyasi kavu. Bw. Waithaka alipendelea kusimama mlangoni. Alisema si woga, ni hewa tu.

KUMB. NA. 2/7/2006: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za Juni. Kikao hicho kiliamua kwamba farasi wa Bi. Nyaguthii waondoke katika banda hili kabla Julai haijaisha, ili nafasi iwe ya kuku wa nyama. Hoja ililetwa na Bw. Waithaka na kuungwa mkono na Mwenyekiti, ambaye alisema, "Farasi hakamuliwi, haliwi, na akifa ni kazi ya kijiji kizima kumzika."

Mwenyekiti aliuliza kama ilikuwa lazima maneno hayo yaandikwe. Katibu alijibu kwamba yalisemwa.

Bi. Nyaguthii alikumbusha kikao kwamba yeye hana pa kuwapeleka. Kwake ni nyumba na bustani ya sukuma wiki tu. Aliyejitokeza kuwanunua ni mtu wa mbali, na akiulizwa anawataka kwa kazi gani, anacheka. Alieleza kwamba marehemu mumewe aliwalea wanyama hawa tangu alipokuwa akifanya kazi katika shamba la mzungu, akaachiwa wao mzungu alipohama. "Siwezi kupea mtu wa kucheka-cheka wanyama wa bwana yangu," alisema, na sauti ilipanda hadi Kaptaini akainua masikio. Mwenyekiti alimwambia jambo hilo litajadiliwa chini ya Kumb. Na. 4. Alijibu kwamba atangoja, amezoea.

Kumbukumbu zilithibitishwa kuwa sahihi, Mwenyekiti akinung'unika.

KUMB. NA. 3/7/2006: RIPOTI YA BARIDI

Bw. Tonny alieleza kwamba Jumanne alasiri mvua ya mawe ilishuka kutoka upande wa mlimani, ua ukawa mweupe wote, kisha ukafuata upepo wa baridi ambao wengi wetu hatujawahi kuuona hapa. Mwenyekiti alipiga simu akaamuru nyumba ya kuku izibwe. Ilizibwa. Kila tundu lilifunikwa kwa magunia ya mbolea, hata ule uwazi wa juu chini ya mabati, na majiko ya makaa yakaingizwa ndani kuwapasha vifaranga.

"Mimi nilifanya vile niliambiwa, bana," alisema Bw. Tonny. "Tena nikaongeza jiko moja la kwetu."

Haikuchukua muda mrefu kuku wakaanza kuhema midomo wazi na vifaranga kulegea shingo. Kuta zilitoa jasho. Bw. Tonny naye alianza kuumwa na kichwa, akadhani ni njaa.

Hapo ndipo Bi. Nyaguthii alipopita akiwapelekea farasi wake maji. Aliona magunia, akatua ndoo. Aliyang'oa yale ya juu yote kwa mikono, kisha akaingia na kuyatoa majiko nje moja moja, ameyashikia leso yake, ambayo sasa ina matundu. Bw. Tonny alijaribu kumzuia kwa kuwa amri ilikuwa ya Mwenyekiti. Aliambiwa maneno ambayo Katibu ameombwa asiyaandike. Katibu anaandika tu kwamba yalimhusu Bw. Tonny, yakamhusu Mwenyekiti, na yalikuwa juu ya akili.

Bi. Nyaguthii aliombwa aeleze mwenyewe kwa nini alivunja amri halali ya kiti. Alieleza hivi: "Kuku amezaliwa na koti lake. Baridi anaiweza. Chenye hawezi ni kulowa, na kuvuta moshi wa makaa ndani ya nyumba imefungwa. Upepo uzuie chini, pale wanalala. Juu acha wazi, mvuke utoke. Farasi ni hivyo hivyo. Si kila siku mnaniuliza ati mbona mlango wangu wa juu haufungwi?" Aliongeza kwamba farasi akiwa na nyasi kavu za kutafuna muda wote anajipasha moto kwa tumbo lake mwenyewe, ila maji yakiwa baridi mno anakataa kunywa, tumbo linamsokota, na hapo umempoteza. Ndiyo sababu maji ya ndoo ile yalikuwa ya vuguvugu.

Kisha yale mawe ya mvua yaliyeyuka. Maji yaliingia chini ya maranda na nyumba ya kuku ikawa tope. Mitetea ikahamishiwa ukumbini. Vifaranga hawangeweza ukumbi, kwa kuwa ni mpana na sakafu yake ya saruji inauma miguu hata ya mtu mzima. Bi. Nyaguthii alisema waletwe hapa bandani, sakafu ni kavu. Alijaza majerikeni maji ya moto, akayafunga kwa mablanketi ya farasi wake wote wawili, akayapanga kati ya makatoni, na kila yalipopoa akayajaza upya.

Farasi wakabaki migongo wazi. Kaptaini ana nyama, alivumilia. Dachesi ni mifupa na ngozi, alianza kutetemeka. Katibu, ambaye alikuwa akichemsha maji jikoni mwa kanisa na kuyaleta, alimkuta Bi. Nyaguthii anamsugua Dachesi mgongo kwa nyasi kavu, anasugua na analia, halafu anaacha kwenda kutazama vifaranga, halafu anarudi kusugua. Katibu alimwambia achukue hata blanketi moja amfunike mnyama wake. Alijibu, "Hawa wadogo ni wa watu. Huyu ni wangu." Wakati huo alikuwa na siku chache tu kabla ya kamati hii kumfukuzia farasi. Katibu amekuwa katika vikao vya kila namna na anasema waziwazi kwamba hajaona uanachama kama huo.

Vifaranga wachache walikufa kwa moshi. Tangu waingie bandani hapa hajafa hata mmoja.

Bw. Waithaka aliomba iandikwe kwamba mwezi Machi Dachesi huyo huyo alikula kabeji zake. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/7/2006: HATIMA YA FARASI

Bw. Waithaka alisema shukrani ni jambo moja na nafasi ni jambo lingine. Alipendekeza Bi. Nyaguthii apewe asante rasmi, na uamuzi wa Juni ubaki ulivyo. Kisha, akiwa bado anaongea, alimtazama Dachesi akauliza: kama mablanketi ya farasi yamefunga majerikeni mpaka leo, hili alilovaa huyu ni la nani?

Wajumbe waligeuka. Lilikuwa blanketi jipya, zito, la mirabaraba myekundu.

Mwenyekiti alisema tuendelee na ajenda.

Bw. Tonny alisema analijua. "Si hili ni lile la harusi ya Nekesa?" Kwa faida ya wasomaji wa baadaye, Nekesa ni binti wa Mwenyekiti, na blanketi hilo Mwenyekiti aliletewa na wakwe zake Desemba mbele ya watu wote. Wageni wanaofika kwake huonyeshwa. Mwenyewe hajawahi kulilalia.

Bi. Nyaguthii alisema alilikuta juu ya Dachesi aliporudi kutoka kuchota maji jioni ile ya Jumanne, na siku zote hizi amekuwa akimshukuru Bw. Tonny. Bw. Tonny alikiri kwamba alizipokea shukrani hizo kwa kuwa hakujua ni za nini.

Mwenyekiti alikohoa. Alieleza kwamba Jumanne jioni alikuja hapa kwa hasira, akitaka kumuuliza mwanamke huyu ni nani aliyempa ruhusa ya kung'oa magunia. Hakumkuta. Alikuta vifaranga wanalia ile sauti yao ya afya, na farasi anatetemeka bila blanketi. "Nikaona aibu, jamani. Nikarudi nyumbani nikachukua kitu cha kwanza niliona." Katibu anaomba kunukuu kwamba blanketi hilo hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli.

Mwenyekiti alisimama. Alisema amri ya kuziba ilikuwa yake, si ya Tonny, na kama ingefuatwa mpaka mwisho leo tungekuwa tunamwonyesha Mama Phelista makatoni ya vifaranga wafu, na pengine tungekuwa na matanga ya Tonny pia. Alisema pia maneno yake ya Juni kuhusu farasi yalikuwa ya mtu asiyejua anachosema. Aliagiza yote hayo yaandikwe bila kupunguzwa. Katibu alimpenda sana Mwenyekiti wakati huo, na haoni haya kuliandika.

Mwenyekiti alileta hoja kwamba uamuzi wa Juni ufutwe na farasi wakae katika banda hili maisha yao yote. Bw. Tonny aliunga mkono kabla hoja haijaisha. Mikono iliinuliwa. Bi. Nyaguthii hakuinua wake, alisema si vizuri kujipigia kura. Wa Bw. Waithaka ulifika begani ukasimama. Katibu aliuliza kama huo umo au haumo. Bw. Waithaka alisema umo, mradi kuwe na ua kati ya kabeji zake na midomo ya wanyama wa watu. Bi. Nyaguthii alikubali ua. Katibu aliuhesabu mkono huo kuwa mzima.

AZIMIO: Farasi watabaki.

AZIMIO: Uwazi wa juu wa nyumba ya kuku hautazibwa tena na mtu yeyote, kiti kikiwemo, na jiko la makaa halitaingizwa ndani. Bw. Tonny atafundishwa na Bi. Nyaguthii kutunza mifugo wakati wa baridi, bila kupigiwa kelele. Bi. Nyaguthii alikubali sehemu ya kwanza.

Alipoulizwa kama ana la kusema, Bi. Nyaguthii alikuwa amewapa wajumbe mgongo, ameweka paji la uso kwenye shingo ya Dachesi. Kikao kilimngojea.

KUMB. NA. 5/7/2006: VIFARANGA WA SIRISIA

Mama Phelista aliwashika vifaranga mmoja mmoja, akawapuliza manyoya, akasema ni wazima kuliko alivyotarajia. Aliambiwa safari ingoje baridi ipungue. Alikubali. Alisema kina mama wa Sirisia watapenda kujua walilala na nani.

KUMB. NA. 6/7/2006: KUFUNGA

Mama Phelista alikuwa amekuja na jogoo wa kutoka kwao kama zawadi, naye alikuwa ameshapikwa. Chakula kililetwa bandani. Firigisi iliwekwa juu ya sahani ya Mwenyekiti, kama ilivyo kawaida kwetu tuliotoka Bungoma.

Mwenyekiti aliitazama. Kisha aliinuka na sahani yake, akavuka makatoni kwa uangalifu, akaisogeza ile firigisi kwenye sahani ya Bi. Nyaguthii. Akarudi kukaa kwenye robota lake.

Bw. Tonny aliacha kutafuna. Bw. Waithaka, ambaye ni Mkikuyu na ameishi nasi miaka mingi bila kuuliza mambo, aliuliza kuna nini, si ni kipande tu cha kuku? Mama Phelista alimjibu polepole: "Huko kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke hapewi. Mimi nimepikia bwana yangu kuku tangu niolewe, na sijui inaonja namna gani."

Bi. Nyaguthii alisikia hayo. Aliomba kisu. Aliikata firigisi vipande vitatu juu ya kifuniko cha sufuria, akampa Mama Phelista kimoja, akamletea Katibu kimoja, kisha akamtazama Mwenyekiti aone kama ana neno. Mwenyekiti alisema, "Kuleni, kuleni, inapoa."

Katibu anathibitisha kwamba ni ngumu kidogo, na ni tamu.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni.

Mwenyekiti: (sahihi) Mzee Walubengo. Nimesoma. Sijafuta kitu.

Katibu: (sahihi) Joan Nasimiyu